Mafuta kwenye ini ukiwa kijana: mwongozo kamili kwa vijana wa Lamu na jirani zao

Kijana wa Lamu akisema daktari amemkuta na mafuta kwenye ini, wanaomsikia hufikiria pombe kwanza. Katika mji ambao wengi hawajawahi hata kuionja, hiyo ni aibu kubwa. Aibu hiyo ndiyo inayomfanya mtu aikunje karatasi ya vipimo, aifiche chini ya godoro na anyamaze. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya huyo aliyenyamaza, na kwa mwenzake ambaye bado hajapimwa. Mafuta kwenye ini humpata mtu asiyejua ladha ya pombe, humpata mwembamba, humpata mwenye miaka 22. Inakadiriwa kwamba watu wazima 3 hivi kati ya kila 10 duniani wanayo, na wengi wao hawana habari. Wakati mzuri wa kuyaondoa ni huo wa ujana, ini likiwa halijaanza kuweka makovu.

Elewa kwanza kinachoendelea ndani

Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu, na uzito wake kwa mtu mzima ni kama kilo moja na nusu. Chakula kikishasagwa tumboni na kuingia kwenye damu, sehemu kubwa yake hupitia kwenye ini kabla ya kusambazwa mwilini. Sukari iliyozidi mahitaji, ini huigeuza kuwa mafuta. Sukari ya mezani, hii unayotia kwenye chai, nusu yake ni glukosi na nusu ni fruktosi. Glukosi hutumiwa na mwili mzima, lakini kazi kubwa ya kuishughulikia fruktosi huliangukia ini. Ndiyo maana mtu anaweza kujiepusha na nyama ya mafuta mwaka mzima na bado ini lake likajaa mafuta, kwa sababu ya soda na chai tamu peke yake.

Kuna na insulini, homoni ya kongosho inayoiingiza sukari ya damu kwenye chembe za mwili. Mtu akinenepa kiunoni, akikaa sana bila kujishughulisha, mwili huanza kuwa mkaidi kwa insulini. Kongosho hutoa insulini zaidi, na mafuta ya mwilini, yaliyostahili kubaki yalipo, humiminika kwenye damu na kuishia kwenye ini. Mafuta yakipita asilimia 5 ya ini, hapo tayari ni ugonjwa.

Kwa wengi ugonjwa huishia kwenye mafuta tu. Kwa wengine ini huvimba na kuungua ndani kwa ndani, kisha huanza kuweka makovu. Makovu hupimwa kwa daraja, kuanzia F0, ambapo hakuna kovu, hadi F4, ambapo ini limekakamaa, hali inayoitwa sirosisi. Kutoka hapo hatari ya saratani ya ini hupanda. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka mingi, na sehemu kubwa ya safari hurudi nyuma mtu akibadilika mapema. Na kabla ini lenyewe halijaharibika, moyo huwa tayari hatarini: ugonjwa wa moyo na mishipa ya damu ndio unaoua zaidi watu wenye mafuta kwenye ini.

Kwenye karatasi za hospitali utakuta herufi NAFLD, au MASLD kwenye karatasi za karibuni. Ni ugonjwa ule ule, jina lilibadilishwa mwaka 2023.

Usisubiri maumivu. Wengi hawasikii chochote. Wachache husikia uchovu usioisha, au uzito fulani chini ya mbavu za kulia. Basi.

Hatua ya 1: Pima kiuno, leo

Huhitaji hospitali kwa hatua hii. Nenda kwa fundi cherehani yeyote, muombe futi yake ya kupimia nguo. Simama wima, miguu imeachana kidogo, nguo umeinua. Papasa ubavu wako wa mwisho kwa chini, kisha papasa mfupa wa nyonga kwa juu. Katikati ya hapo ndipo futi inapopita, kuzunguka mwili mzima, ikiwa sawa mbele na nyuma. Usiivute ikakubana, usiiache ikaning'inia. Pumua, toa pumzi kawaida, na usome namba pumzi ikiwa imetoka. Vijana wengi hubana tumbo hapo bila kujijua. Ukibana, umejidanganya peke yako. Wala usiifuate saizi ya suruali, kwa kuwa suruali huvaliwa chini ya kitambi.

Kwa mwanamume, zaidi ya sentimita 94 ni dalili ya hatari. Kwa mwanamke, zaidi ya 80. Kipimo kingine rahisi ni kulinganisha na urefu wako: kiuno kisifike nusu ya urefu. Mwenye sentimita 170 kiuno chake kibaki chini ya 85.

Ukiwa mwembamba, usikiruke kipimo hiki. Nimeona vijana wenye mikono myembamba na miguu myembamba, kanzu inawapwaya mabegani, lakini tumbo limetangulia mbele. Hao ndio wanaoponyoka macho ya watu, kwa sababu hakuna anayewaita wanene.

Hatua ya 2: Jiulize maswali haya kabla ya kwenda kupimwa

Kuna mambo matano ambayo madaktari huyaangalia. Moja likikupata pamoja na mafuta kwenye ini, ndiyo MASLD hiyo. La kwanza ni uzito au kiuno kilichozidi, ambacho umeshapima. La pili ni sukari ya damu: 5.6 mmol/L au zaidi kabla ya kula asubuhi, au HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, ya asilimia 5.7 na kuendelea. La tatu ni presha ya 130 kwa 85 na kuendelea. La nne ni trigliseridi, yaani mafuta ya kwenye damu, kufika 1.7 mmol/L. La tano ni kolesteroli nzuri, HDL, kuwa chini: 1.0 au pungufu kwa mwanamume, 1.3 au pungufu kwa mwanamke.

Jiulize pia nyumbani kukoje. Mama ana kisukari? Baba alipata presha akiwa na miaka 40? Kwa dada zetu, hedhi zinazoruka miezi pamoja na nywele za kidevuni zinaweza kuashiria tatizo la ovari linalokwenda sambamba na ukaidi wa insulini, na ini huathirika pia. Andika dawa zote unazotumia. Steroidi za muda mrefu, baadhi ya dawa za kifafa, za mapigo ya moyo na za saratani zinaweza kuleta mafuta kwenye ini. Usiache dawa kwa hofu, mwambie daktari.

Hatua ya 3: Nenda ukapimwe, na ujue unachokiomba

Kwa mtu wa kisiwani hapa, hospitali ya rufaa ya kaunti, King Fahd, iko mjini Lamu. Wa Malindi wana hospitali yao ya kaunti ndogo. Presha na sukari hata zahanati hupima, kwa hiyo anzia ulipo karibu. Uliza mapema kipi kinalipiwa na SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kipi utalipa mfukoni. Kama hujajisajili, piga *147#.

Ukifika, usiseme tu "nataka kupima ini". Sema: "Nina kiuno kikubwa na nyumbani kuna kisukari, nataka kujua kama ini langu lina mafuta." Sentensi hiyo humwelekeza daktari moja kwa moja. Vipimo vya kuanzia ni hivi: vimeng'enya vya ini ALT na AST, hesabu kamili ya damu ili ionekane idadi ya chembe sahani (zile zinazogandisha damu), sukari ya kufunga au HbA1c, mafuta ya damu, pamoja na homa ya ini aina ya B na C. Hizo mbili za mwisho usiziache. Homa ya ini huharibu ini kimya kimya vile vile, na matibabu yake ni mengine kabisa.

Kisha altrasaundi ya tumbo. Mara nyingi utaambiwa uende bila kula kwa saa kadhaa, kwa hiyo panga asubuhi.

Sasa karatasi imetoka. Hapa ndipo watu wengi hujikwaa, kwa hiyo tukae kidogo.

ALT ikiwa ya kawaida haimaanishi ini ni safi. Watu wengi wenye mafuta kwenye ini wana ALT ya kawaida. Altrasaundi nayo huona mafuta yakishakuwa mengi, kuanzia kama asilimia 20 hadi 30 ya ini, kwa hiyo mafuta machache hupita bila kuonekana. Na altrasaundi ikiandika "daraja la 1" au "daraja la 2", hayo ni madaraja ya wingi wa mafuta. Hayasemi lolote kuhusu makovu. Nimesikia kijana akilia kwa kudhani daraja la 2 ni hatua ya pili ya saratani. Hakuna uhusiano.

Kuhusu makovu, kuna hesabu iitwayo FIB-4 ambayo unaweza kuifanya kwa simu. Zidisha umri wako kwa AST. Weka kando. Tafuta kipeuo cha pili cha ALT, uzidishe kwa chembe sahani. Gawa ya kwanza kwa ya pili. Mfano: mtu wa miaka 36, AST 50, ALT 81, chembe sahani 200. 36 mara 50 ni 1800. Kipeuo cha pili cha 81 ni 9, mara 200 ni 1800. Jibu ni 1.0. Chini ya 1.3 uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Zaidi ya 2.67 unahitaji daktari bingwa bila kuchelewa. Katikati ya hapo hupimwa zaidi.

Lakini kwa aliye chini ya miaka 35 hesabu hii haiaminiki sana, kwa kuwa umri wenyewe umo ndani yake na hulivuta jibu chini. Kijana mwenye kisukari au mwenye ALT iliyopanda kwa miezi asijifariji na namba hiyo. Aombe kipimo cha ugumu wa ini, mashine inayogusishwa ubavuni na kutoa jibu kwa dakika chache bila sindano. Kwa hilo jiandae kwa rufaa ya Mombasa au Nairobi. Jibu la chini ya kilopaskali (kPa) 8 kwa kawaida ni habari njema.

Hatua ya 4: Anza na unachokunywa

Kama utafanya jambo moja tu katika mwongozo huu wote, fanya hili. Chupa ya soda ya mililita 300 ina gramu 32 hivi za sukari, sawa na vijiko 8 vya chai. Ile ya nusu lita ina karibu vijiko 13. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke hadi asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 25, vijiko 6. Chupa moja ndogo ya soda imeshavuka hapo.

Na chai? Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, ni vijiko 12. Hakuna anayeihesabu chai kama sukari, na ndiyo inayotumaliza. Usiache kwa siku moja, utarudi. Wiki hii toka vitatu hadi viwili. Wiki ijayo, kimoja na nusu. Halafu kimoja. Tia tangawizi, iliki na mdalasini kwa wingi, ulimi utapata cha kushika. Baada ya mwezi ile chai ya zamani utaiona kama shira.

Juisi ya embe, ya ukwaju, ya nanasi: hata bila sukari ya kuongezwa, juisi ya matunda ni sukari iliyotengwa na nyuzinyuzi zake, na hunyweka haraka kuliko tunda linavyolika. Kula embe lenyewe. Dafu lina sukari kidogo kuliko soda, kwa hiyo moja baada ya mchezo halina ubaya. Vinywaji vya kuongeza nguvu viache kabisa.

Kuna habari moja ya kufurahisha, nayo ni kahawa. Tafiti nyingi zimeona wanywaji wa kahawa, vikombe viwili hadi vitatu au zaidi kwa siku, wana makovu machache kwenye ini. Kahawa chungu ya dele inayonywewa na wazee barazani Mkunguni, bila sukari, ina faida hiyo. Kaa nao. Ila vikombe vyetu ni vidogo, na kisahani cha halwa au kashata kinachoandamana navyo kipishe. Mwenye mimba apunguze kahawa, na mwenye mapigo ya moyo yanayokwenda mbio aulize daktari.

Hatua ya 5: Jikoni na kwenye sinia

Sitakuambia uache wali wa nazi. Nitakuambia uupike tofauti. Nazi ikishakunwa kwenye mbuzi na kukamuliwa kwenye kifumbu, tui la kwanza ni zito, limejaa mafuta ya aina inayorundikana kwenye ini kwa urahisi zaidi kuliko mafuta ya samaki au ya alizeti. Pikia wali kwa tui la pili, lile jepesi. La kwanza weka vijiko viwili vitatu tu mwishoni, kwenye mchuzi wa samaki, ladha ibaki. Ukimpikia mtu bila kumwambia, huenda asitambue.

Mlo wa sinia una shida moja: huoni umekula kiasi gani. Mkono unakwenda, mazungumzo yanakwenda, na anayeacha kula mapema anaulizwa ana nini. Kwa hiyo anza na kachumbari na samaki, wali baadaye. Ukiweza kupakua sahani yako, nusu iwe mboga na kachumbari, robo samaki au kunde, robo wali au ugali. Mchicha, kisamvu, bamia, matembele, mnavu, vyote vipo sokoni na ni rahisi kuliko nyama. Samaki tunao. Jodari, nguru na dagaa wana mafuta mazuri ya kusaidia moyo. Wachomwe au wapikwe mchuzi, kukaanga kuwe kwa nadra.

Vitu vya kukaanga vya jioni ndivyo vizito: viazi karai, bajia, sambusa, katlesi, chipsi za saa nne usiku. Hamri mbili za asubuhi na mbaazi siyo tatizo kubwa. Mbaazi yenyewe ni chakula kizuri. Tatizo ni hamri tano, kisha kaimati alasiri, kisha chipsi usiku, kila siku. Chagua kimoja kwa siku. Mabuyu ya kupakwa sukari na rangi yahesabu kama pipi, kwa sababu ndivyo yalivyo.

Uzito ushuke kiasi gani? Ini hupungua mafuta ukipoteza asilimia 5 tu ya uzito wako. Asilimia 7 hadi 10 hutuliza uvimbe, na 10 na zaidi huweza kurudisha nyuma hata makovu. Mwenye kilo 90 basi alenge kwanza kilo 4 na nusu, kisha kilo 9. Wembamba wenye tatizo hili hupata nafuu kwa asilimia 3 hadi 5. Punguza nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, usizidishe. Kujinyima chakula kwa kishindo kunaweza kulidhuru ini zaidi na kuleta mawe kwenye kibofu cha nyongo. Mwenye mimba au anayenyonyesha asianze kupunguza uzito bila daktari.

Hatua ya 6: Tembea

Mji wetu hauna barabara za magari, na bado kijana anaweza kukaa barazani na simu tangu alasiri hadi isha. Lengo ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya upumue kwa nguvu lakini bado unaweza kuzungumza. Kutoka mjini Lamu hadi Shela kwa njia ya pwani ni kilomita 3 hivi, dakika 40 hivi kwa miguu. Mara nne kwa wiki, umemaliza. Angalia maji yalivyo kabla ya kutoka. Rudi kwa miguu pia ukiweza, badala ya mashua. Wa Malindi wana ufukwe mrefu upande wa Silversands. Asubuhi mchanga wa karibu na maji huwa mgumu na unatembeka vizuri.

Dada anayeona haya kutembea peke yake atafute mwenzake, watoke baada ya alfajiri kabla jua halijachoma. Buibui haizuii mwendo, viatu vibovu ndivyo vinavyouzuia.

Ongeza kazi ya misuli mara mbili kwa wiki: pampu za mikono, kuchuchumaa na kuinuka, kubeba madumu ya maji mikono yote miwili. Msuli hula sukari ya damu hata ukiwa umepumzika. Na hata mzani usiposogea, mafuta ya kwenye ini hupungua kwa mazoezi peke yake. Watu hukata tamaa wiki ya tatu kwa sababu mzani umegoma, ilhali ini limeshaanza kupona.

Hatua ya 7: Muguka, pombe, na chupa za "kusafisha ini"

Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilitangaza marufuku ya muguka, mahakama ikaisimamisha, na mabishano yakawa ya siasa na biashara. Mimi naongelea ini. Muguka na miraa zina uhusiano na madhara ya ini. Madaktari wameandika kuhusu wagonjwa walioumia ini bila sababu nyingine. Zaidi ya hapo, huambatana na soda ya pili, ya tatu, pipi mdomoni, usiku bila usingizi, na siku ya pili bila mwendo. Kama kuacha kabisa kumekushinda leo, anza na kuondoa soda, maji yakae mahali pake, na ukomee kabla ya isha ili ulale.

Anayekunywa pombe, iwe bia, chang'aa au mnazi, ajue kwamba pombe na kitambi husaidiana kuliumiza ini. Akishaambiwa ana mafuta kwenye ini, aache. Daktari akiuliza, mwambie kweli. Yanayosemwa chumbani kwa daktari hayatoki.

Vijana wa mazoezi ya kujenga mwili: sindano na vidonge vya homoni vinavyouzwa kwa siri huharibu ini. Poda na vidonge vya kukata mafuta, hasa vyenye majani ya chai ya kijani yaliyokolezwa, vimewahi kuangusha maini ya watu waliokuwa wazima. Na zile chupa za "kusafisha ini" zinazotembezwa na kuuzwa mitandaoni, usinunue. Hakuna kitu cha kuoshwa mle. Habbasoda na tangawizi za jikoni kula kama viungo, usizigeuze dawa. Panado, ambayo ni parasetamoli, mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye ini bovu au anayekunywa pombe hupewa kiwango cha chini.

Dawa za hospitali zipo, lakini siyo za kuanzia. Machi 2024 Marekani iliidhinisha resmetirom, na Agosti 2025 semaglutidi, zote kwa watu ambao tayari wana uvimbe na makovu ya kiasi kwenye ini, pamoja na chakula na mazoezi. Huandikwa na daktari bingwa.

Ramadhani

Funga inaweza kulisaidia ini. Futari ndiyo huharibu: sharubati jagi zima, tambi za sukari, kaimati zilizolowa shira, kisha biriani baada ya tarawehe. Fungua kwa tende moja au tatu na maji, swali, kisha kula uji usio na sukari nyingi, samaki na mboga. Tamu chagua moja, kidogo. Daku iwe na mayai, maharagwe au kunde. Anayetumia dawa za kisukari amuone daktari kabla mwezi haujaandama, dozi hubadilishwa.

Kuwaambia nyumbani

Hatua hii huwezi kuiruka, kwa sababu chungu kiko mikononi mwa mama au bibi. Chagua wakati hakuna wageni. Sema wazi kitu cha kwanza kabisa: "Mama, daktari ameona mafuta kwenye ini langu. Siyo la pombe, wallahi. Ni sukari na vyakula vya mafuta, na kukaa sana. Amesema nikiwahi yanaondoka. Naomba unisaidie jikoni." Akiuliza, "Sasa mwanangu utakula nini?", usimpe orodha ya makatazo. Mwambie: "Samaki wako wa mchuzi, mama, tui liwe jepesi, na mboga iwe nyingi." Hapo umemkabidhi kazi anayoiweza kuliko mtu yeyote.

Mkipata nafasi muulize naye lini alipima sukari mara ya mwisho. Mara nyingi mwenye kuhitaji kipimo nyumbani si mmoja.

Kufuatilia, na dalili za kukimbilia hospitali

Pima kiuno kila mwezi, kwa futi ile ile, asubuhi kabla ya kula. Rudia vimeng'enya vya ini baada ya miezi 3 hadi 6. Vikishatulia, mara moja kwa mwaka inatosha kwa wengi. Mwenye kisukari asipitishe mwaka. Kama kipimo cha homa ya ini B kilikuwa safi, omba chanjo. Ni sindano tatu: leo, baada ya mwezi, na baada ya miezi sita. Kenya iliiingiza kwenye chanjo za watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hakuipata.

Usingoje miadi ukiona macho yamekuwa manjano, mkojo umekuwa mweusi, tumbo linajaa maji, miguu inavimba, unatapika damu, choo ni cheusi kama lami, au mgonjwa anaongea maneno yasiyoeleweka na kusinzia ovyo. Walio Faza, Kizingitini, Ndau au Kiwayu wasilale na mgonjwa wa namna hiyo wakisubiri boti ya asubuhi. Mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu mara moja ili wapigie simu mbele, na mbebe karatasi zake zote za vipimo pamoja na kila dawa aliyokuwa akitumia, zikiwemo za chupa alizokuwa akizificha.